Minova: Makaa Chini, Makaa Juu

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Minova kwa njia ya nchi kavu hulifuata ziwa Kivu kama mtoto ashikaye upindo wa kitenge cha mama yake. Mara aliona, mara limefichwa na migomba, kisha penye kona laangaza tena upande wa kulia, na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati kama ng'ombe aliyeshiba. Mwendo wenyewe ni karibu kilomita 150, lakini heri mtu asiihesabu njia hiyo kwa kilomita. Aihesabu kwa mashimo, kwa madaraja na kwa malori yaliyokwama. Sisi tuliondoka alfajiri, mwezi wa saba mwaka 2021, katikati ya kiangazi, na vumbi lilitutia mvi sote kabla ya siku zetu.

Tulipita Kavumu penye uwanja wa ndege, tukaiacha upande wa kushoto njia iendayo Lwiro. Huko Lwiro Wabelgiji walijenga nyumba kubwa za uchunguzi wa elimu, baada ya vita kuu ya pili, na mabingwa wa pale pamoja na waganga wengine wa nchi hii walichunguza sana vyakula vya watu wa Kivu. Kule Idjwi waliwakuta watu wengi wenye rovu shingoni. Wakaonyesha ya kuwa sababu si upungufu wa iodini peke yake, bali pia muhogo unaoliwa kila siku bila kutayarishwa vema. Na kule Bushi waliwaona watoto wenye bwaki, ambao miguu yao huvimba na nywele zao kugeuka rangi, kwa kuwa tumbo limejazwa wanga mtupu, hakuna maharagwe, hakuna maziwa, hakuna samaki. Twayataja mambo hayo kwa makusudi. Msomaji akiona kwamba safari yetu imeishia katika sufuria ya mboga, asidhani tumepotea njia. Swali la kitu gani kikae kando ya ugali ni swali la zamani katika nchi hii, na watu wamekufa kwa ajili yake.

Baada ya Kalehe barabara hushuka tena mpaka ukingoni mwa maji. Tulipita Bushushu na Nyamukubi, vijiji vilivyojengwa pale mito inapoteremka mlimani na kuingia ziwani. Tulinunua ndizi mbivu, tukaendelea bila kufikiri zaidi. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya soko la Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikabeba mawe na udongo na kuvifagia vijiji hivyo viwili. Watu zaidi ya 400 walikufa. Tangu hapo, kila tuikumbukapo safari yetu, hatupapiti mahali pale upesi kama tulivyopapita siku ile.

Minova iko kwenye pembe ya ziwa, upande wa kaskazini-magharibi, mwisho kabisa wa jimbo la Kivu Kusini. Ukiendelea mbele kidogo waingia Kivu Kaskazini, wafika Sake, kisha Goma. Nyuma ya mji milima hupanda mara moja kuelekea Numbi na nchi ya Masisi, kwenye baridi na ukungu na malisho ya ng'ombe. Basi soko la Minova ni mahali pa mapatano kati ya mlima na ziwa. Mlima waleta kabichi, karoti, vitunguu, viazi, maharagwe, na poro, yaani kile kitunguu cha shina refu jeupe ambacho kwingine huitwa liki. Waleta pia jibini, vipande vya mviringo vyenye ngozi ya manjano, ambavyo hufika hata Bukavu na Kinshasa kwa jina la jibini ya Goma, ingawa ng'ombe wenyewe wako Masisi. Ziwa laleta sambaza. Samaki hao wadogo si wazaliwa wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, nao wamezoea ugeni hata mtoto wa leo akiambiwa hivyo hasadiki. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imeinama mbele na nyuma kama pembe, na usiku taa zao huonekana kama mji mwingine juu ya maji.

Wanawake wa mlimani hushuka na mizigo iliyoshikwa kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Tulimwona mmoja akiufungua mzigo wake, tukahesabu kabichi 30. Hapo tukaacha kuhesabu kwa aibu, maana sisi tulikuwa tumebeba mwavuli na mfuko wa mkate.

Nyumba iliyotukaribisha haikuwa mbali na soko. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu. Hatulitaji jina lake, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni habari yake mwenyewe, naye alituruhusu kuisimulia habari hiyo bila jina. Pembeni mwa ukumbi tuliona magodoro saba yamepangwa mpaka dirishani. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka huo huo volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na siku tano baadaye wakuu waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Maelfu ya watu walikimbilia Sake na Minova. Nyumba hii ya vyumba vitatu iliwapokea watu 19 kwa majuma kadha. Tulipofika sisi, wageni walikuwa wamekwisha rudi kwao, yamebaki magodoro ya kuazima, na jambo moja lililobaki jikoni, ambalo ndilo tunalotaka kulisimulia.

Mwezi wa pili mwaka ule mwalimu alikuwa amepatikana na kisukari. Alikuwa na kiu isiyokwisha, aliamka usiku mara nne na tano kwenda haja ndogo, na kidonda kidogo katika kidole cha mguu kilikataa kupona. Muuguzi wa zahanati akampa vidonge, akamwambia apunguze ugali: kila mlo usizidi kipimo cha ngumi moja.

"Ngumi ya nani?" mwalimu akauliza.

"Yako, mwalimu," akajibiwa, "si ya Goliati."

Mwalimu alicheka pale zahanati, lakini nyumbani hakucheka. Wasomaji wa nchi hii wafahamu sababu. Sisi twaita bugali kile ambacho wengine huita ugali, nacho kwa unga wa muhogo, au wa muhogo na mahindi, ndicho chakula chenyewe. Vitu vingine vyote ni vya kukisindikiza. Mtu aweza kula nyama, mayai na ndizi, naye akiulizwa atajibu, "Bila bugali sijakula bado." Baba akiondoka mezani na kipande kama ngumi, watoto humtazama kama mtu aliyefiwa. Na unga wa muhogo una wanga mwingi kweli kweli: katika gramu 100 za unga, zaidi ya gramu 80 ni wanga, ambao tumboni hugeuka sukari. Kabichi mbichi, kwa uzito huo huo, ina wanga gramu 6 hivi. Muuguzi hakukosa hesabu yake.

Mama wa nyumba akaanza kumchemshia mume wake kabichi. Mwalimu aliiita chakula cha sungura, lakini kwa kuwa ni mtu wa nidhamu aliila, akamaliza, akashukuru. Usiku akaamka. Mama alisikia kifuniko cha sufuria jikoni, akafikiri ni panya. Usiku wa pili akasikia tena. Usiku wa tatu akainuka na tochi, akamkuta mume wake gizani, amesimama, anakula bugali baridi kwa mkono, kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

"Hatukusema neno," mama alitueleza. "Mimi nilizima tochi, nikarudi kulala. Nilimwonea huruma kuliko hasira."

Hapo ndipo alipofahamu jambo ambalo twaliona kuwa la akili sana, nasi tumelifikiri mara nyingi tangu siku ile. Alifahamu kwamba mume wake si mkaidi. Alikuwa amenyang'anywa kitu kizito chenye heshima mezani, akapewa badala yake majani yaliyolowa maji. Ugali haufukuzwi na kitu kinyonge. Ili ukubali kusogea kando, mboga yenyewe iwe na uzito, na harufu, na rangi ya kahawia juu, na ifike mezani katika chombo chake kama mgeni wa maana.

Lakini jikoni hakuna tanuri. Katika nyumba nyingi za Minova chombo cha moto ni mbabula, jiko la makaa, nayo makaa tunayaita makala. Ndipo akaja mgeni wa volkano. Miongoni mwa wale watu 19 alikuwamo mama mmoja wa Goma aliyekuwa amepika miaka mingi katika hoteli. Alipoona kabichi ya mwalimu alisikitika, akauliza, "Kwa nini hamuioki?" Wakamwonyesha mbabula. Akasema, "Basi mna moto wa chini. Uleteni na juu." Akaomba kifuniko cha bati chenye ukingo, na chungu.

Chungu kilikuwapo. Kilifinyangwa na akina mama Wabatwa wa Idjwi, kikavushwa ziwani kwa mtumbwi, kipana, kinene, chenye tumbo fupi. Ndicho tulichokiona sisi siku ile, kimekwisha kuwa cheusi chini na kung'aa juu kwa mafuta. Mama alikubali tukae jikoni tutazame, ingawa aliona ajabu kwamba wageni waliotoka Bukavu wataka kutazama kabichi.

Vitu alivyovitumia vilikuwa kabichi moja ya kadiri, poro tatu, mabilingani mawili, nyanya nne, vitembe vinne vya kitunguu saumu, pilipili moja, mayai mawili, kikombe cha maziwa, mafuta ya mawese vijiko vitatu, na jibini. Tulipouliza jibini kiasi gani, alikunja mkono akasema, "Ngumi," na mwalimu akakohoa ukumbini. Viazi hakuvitia. Wazungu katika chakula cha namna hii hutia viazi, kwa kweli mara nyingi ndivyo chakula chenyewe, lakini kwa mwenye kisukari ingekuwa kumfukuza mwizi mlangoni na kumfungulia dirisha.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupigana na maji. Mboga ni maji matupu, alisema, na maji yakibaki chunguni huoki, wachemsha. Alikata mabilingani vipande vya mviringo, akavinyunyizia chumvi, akavilaza kwenye ungo na kuvikandamiza kwa jiwe safi. Baada ya nusu saa maji ya rangi ya chai yalikuwa yamechuruzika, akavisuuza na kuvikausha kwa kitambaa. Nyanya alizipasua, akazitoa mbegu na maji yake yote. Hayo aliyaweka kando kwa mchuzi wa maharagwe ya watoto. Poro alizipasua kwa urefu na kuziosha mara tatu, maana udongo wa Masisi hujificha ndani ya majani yake kama mtoro.

Kabichi hakuikatakata. Aliigawa vipande vinane kwa kufuata moyo wake, kila kipande kikabaki na sehemu ya shina ili majani yasitawanyike. Akatia mafuta kidogo katika sufuria pana iliyokwisha pata moto sana, akavilaza vipande kwa upande wa tumbo, akaviacha bila kuvigusa. Sisi tulidhani amesahau. Alipogeuza kimoja kwa mwiko, uso wake ulikuwa umepata rangi ya mkate uliookwa vema, na harufu iliyotoka haikuwa ya kabichi tunayoijua, bali kitu karibu na njugu za kukaanga.

Hapa twaomba ruhusa ya kueleza kidogo, maana wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watauliza. Maji yanayochemka hayawezi kupanda joto kupita kiwango chake, hata ukiongeza kuni namna gani. Kwenye usawa wa bahari kiwango hicho ni digrii 100. Hapa Kivu, ambako ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, maji huchemka penye digrii 95 hivi. Basi mboga iliyomo majini haitakuwa na rangi ya kahawia kamwe, hata ikikaa mpaka jioni. Italainika tu, na utamu wake utaingia katika maji ambayo wengi huyamwaga. Lakini mboga iliyokauka juu, penye moto mkavu, hupita kiwango hicho, na hapo ndipo ngozi yake hugeuka rangi na kupata ladha mpya. Ndiyo siri yote ya kuoka, na ndiyo sababu ya lile jiwe juu ya bilingani.

Basi alitandika chini ya chungu majani ya nje ya kabichi, yale magumu ambayo hutupwa, ili yaungue yenyewe na kuilinda mboga. Juu yake akapanga kabichi, kisha poro alizozikaanga kidogo pamoja na kitunguu saumu na pilipili, kisha bilingani, kisha nyanya. Akapiga mayai pamoja na maziwa na chumvi kidogo, akamimina polepole pembeni. Mwisho akaparuza jibini kwa kopo lililotobolewa kwa misumari, akaifunika mboga yote.

Chungu alikiweka juu ya mbabula yenye makaa machache, manne au matano tu, yaliyokwisha kupata majivu. Hakukiweka juu ya moto mkali, kwa sababu chungu baridi kikishtuliwa hupasuka. Akafunika kwa bati, akapanga makaa mekundu juu ya bati mpaka ukingoni. "Juu mara mbili kuliko chini," alisema. "Chini hupika, juu huoka." Kisha akakataza mtu yeyote kufunua kwa nusu saa. Mtoto wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, alikaa akilinda kwa fimbo.

Wakati tulipokuwa tukingoja tulikumbuka kwamba njia hiyo si ya hotelini peke yake. Watu wa Unguja na wa pwani nzima huoka mkate wa kumimina hivyo hivyo, moto chini na moto juu, nao wana neno lake, kupalia. Na bibi zetu wa milimani, ambao hawakuona bati maisha yao, walifunga samaki na uyoga katika majani ya mgomba na kuzika katika majivu ya moto. Mama wa Goma alitufundisha kitu ambacho nusu yake tulikuwa nacho.

Tena kuna habari ya makaa. Makaa ya Kivu hutoka katika misitu inayokwisha, na bei yake huumiza kila nyumba. Tulitazama kwa jicho la bahili: chungu kizima kilioka kwa makaa yaliyobaki baada ya kupika maharagwe. Hakuongeza hata moja.

Baada ya dakika 40 harufu ilitoka mpaka njiani. Kifuniko kilipoinuliwa, jibini ilikuwa imefanya ngozi ya kahawia yenye malengelenge, na pembeni maziwa na mayai yalikuwa yameshikana. Chungu kililetwa mezani kizima, kikawekwa katikati, mahali pa bugali. Bugali wa mwalimu ulikuwa katika kisahani kando. Alikunja mkono wake karibu nao apate kutuonyesha kwamba kipimo ni halali, kisha akala. Alikula kabichi mara ya kwanza, akaongeza mara ya pili, akavunja ule ukoko wa pembeni kwa kijiko huku watoto wakilalamika kwamba baba apata yote. Bugali wake aliumega vipande vidogo vidogo akachovya nao mchuzi wa chini ya chungu.

"Sasa bugali ndiyo mboga," akasema.

Tulimwuliza mama pembeni kama kifuniko cha sufuria bado hulia usiku. Akatikisa kichwa. Tangu mwezi wa sita hakukisikia. Kidonda cha mguu nacho kilikuwa kimefunga, ingawa hiyo yeye aliona ni kazi ya vidonge na ya kusafishwa kila siku, nasi twakubaliana naye. Kabichi haiponyi kisukari.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wasichukue nusu ya habari hii. Mtu anayemeza vidonge vya kisukari au kupigwa sindano ya insulini asipunguze ugali ghafula bila kumwambia mganga wake, kwa maana dawa ilipimwa kwa chakula cha zamani. Sukari yaweza kushuka kupita kiasi, mtu akatoka jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa, akaanguka. Akiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari, apelekwe kwa mganga. Mwalimu wetu alikwenda kwanza zahanati, na kipimo cha vidonge kikabadilishwa. Na watoto wasipunguziwe. Pale mezani watoto walikuwa na bugali wao wa kutosha, maharagwe na sambaza, na mboga ya chungu juu yake. Tumekwisha kusema habari za bwaki. Nchi ambayo imewazika watoto kwa ajili ya chakula haba haina ruhusa ya kuwafunga mtoto na mzee kipimo kimoja.

Tuliporudi Bukavu tulitaka kuwaonyesha jamaa zetu maarifa mapya. Tulitia makaa sawasawa, juu na chini, kwa kuwa tulikuwa na haraka, tena hatukuyakandamiza mabilingani. Chini paliungua, juu palikuwa na bwawa, na katikati jibini ilielea. Wageni walikula kwa adabu. Mara ya pili tulifuata maneno ya mama yule moja kwa moja, na chungu kilirudi jikoni kitupu.

Hatukupata kwenda tena Minova. Vita viliikaribia mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2024 mapigano yalifunga barabara ya Sake, watu na mizigo wakapita majini, na tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka huo mashua moja iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Tulipiga simu siku mbili mfululizo mpaka mwalimu akajibu. Hakuna wa nyumbani mwake aliyekuwamo. Tarehe 21 mwezi wa kwanza mwaka 2025 wapiganaji wa M23 waliitwaa Minova, na jamaa ile ikavuka kwa mtumbwi kwenda Idjwi na watoto, magodoro mawili, na karatasi ya zahanati. Chungu kilibaki.

Mama alizungumza nasi kwa simu baadaye. Vidonge, alisema, juma moja vyapatikana, juma la pili havipatikani, na siku hizo kipimo cha ngumi hukifuata kwa ukali zaidi. Chungu kingine amekinunua kwa wale wale wafinyanzi, tena kwa bei nafuu, kwa kuwa hakikupanda mtumbwi. Kabichi pale ni chache, hutumia mabilingani na lengalenga aliyeikausha kwanza kwa kitambaa. Jibini ya Masisi haifiki. Tulimwuliza juu yake hutia nini. Akasema atwanga sambaza wakavu pamoja na kitunguu saumu, awachanganya na mafuta ya mawese, awatandaza juu ya mboga, na makaa ya bati huwageuza rangi vile vile, ila dakika kumi za mwisho mtu asiondoke jikoni, kwa kuwa sambaza huungua upesi kuliko jibini.